Bonsai zangu hazivuki majira ya baridi. Nakosea wapi?

SWALI: Ninapoishi baridi hushuka hadi nyuzi 15 chini ya sifuri. Mwaka jana nilikuwa na bonsai mbili, ile miti inayofanywa midogo kwa kukuzwa chunguni. Mepo ya Japani, mti unaopukutisha majani, niliiingiza sebuleni. Januari ikachipua vijiti virefu vyembamba, kufika Machi ikafa. Juniperi, mti usiopukutisha majani, niliiacha barazani, ikabaki kijani baridi yote, halafu joto liliporudi ikakauka. Nimenunua nyingine kama hizo. Niziweke wapi? Na ni kweli hazitaki maji mpaka theluji iishe?

JIBU: Pole sana. Miti yako imekufa kwa sababu mbili tofauti.

Mepo ilikatiziwa usingizi wake wa majira ya baridi. Ikishapukutisha majani huhitaji wiki nyingi za baridi, kati ya sifuri na nyuzi 7 hivi, ndipo iamke na nguvu. Joto la sebuleni liliiamsha mapema, mwanga ukiwa hafifu, ikamaliza akiba yake ya chakula kwa kutoa majani yasiyoweza kuilisha. Ndani ya nyumba ni mahali pa bonsai za nchi za joto, kama fikasi, jamaa ya mkuyu.

Juniperi iliuawa kuanzia chini. Matawi yake huvumilia baridi kali, lakini mizizi ni dhaifu kuliko matawi. Mti uliopandwa ardhini hukingwa na udongo mwingi unaopoa polepole. Udongo wa chunguni, wenye kina cha vidole vinne, hushika baridi ya hewa usiku uleule. Mizizi myembamba inayonyonya maji hutangulia kufa. Kisha jua na upepo hukausha majani huku maji yote ya chunguni yakiwa barafu. Juniperi iliyokufa inaweza kukaa kijani wiki nyingi, ndiyo maana ulidhani ni nzima. Siku nyingine kwaruza gome la kitawi kidogo kwa ukucha: chini yake pakiwa kijani kibichi, kitawi hicho ki hai, pakiwa hudhurungi na pakavu, kimekwisha.

Kwa hiyo kinga chungu kwanza. Kama una uwanja, chagua upande usiopigwa na upepo wala jua kali, uzike chungu mpaka ukingoni, kisha utandaze juu yake magome yaliyokatwakatwa au majani makavu. Mimi hupenda njia hii kuliko zote, kwa kuwa joto la ardhi huendelea kupanda kutoka chini. Theluji ikifunika chungu iache, ni blanketi. Kama huna uwanja, tumia gereji au banda lisilopashwa moto, ambalo halijoto yake haishuki sana chini ya sifuri wala haipandi kupita nyuzi 7. Kipimajoto kiweke sakafuni kando ya vyungu, maana huko ndiko iliko mizizi. Mepo isiyo na majani haidhuriki na giza. Juniperi iweke karibu na dirisha. Na usiwe na haraka: subiri mepo ipukutike na jalidi nyepesi (umande ulioganda) zipite mara kadhaa, kwani mti hujikaza kidogo kidogo.

Kuhusu maji, hapana, si kweli. Maji yanapoganda hutoa joto, hivyo udongo wenye unyevu hukawia kushuka chini ya sifuri, na mizizi mikavu hufa hata pasipo baridi kali. Gereji haipati mvua, na huko ndiko miti mingi hufa kwa kusahauliwa. Kila wiki chomeka kidole. Ukikuta pakavu, mwagilia asubuhi ya siku ambayo udongo haujaganda. Usiuache ukituama maji, kwani yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9 na chungu dhaifu hupasuka.

Panya nao hupenda kutafuna gome chini ya matandazo, kwa hiyo zungushia shina wavu wa chuma.

Hatari ya mwisho huja wakati umeshapumua. Vichipukizi vya mepo vikianza kuvimba, ule uvumilivu wake wa baridi hutoweka, na jalidi ya usiku mmoja huunguza majani machanga yote. Wiki hizo itoe nje mchana, na usiku ukitabiriwa kuwa wa jalidi irudishe ndani.