Maneno ya Kazini Yanavyofika Mwilini: Niliyojifunza Katika Zahanati ya Kiwanda, Tanga

Kwa miaka tisa nilikuwa muuguzi katika zahanati ndogo ya kiwanda kimoja cha kusokota katani hapa Tanga, chumba chenye kitanda kimoja, kabati la dawa, mashine ya kupimia presha na rejista nene ya wagonjwa. Nilitarajia kuhudumia vidole vilivyokatwa na vifua vilivyobanwa na vumbi, na kweli hayo yalikuwepo. Lakini wafanyakazi wa idara moja walikuwa wakija kwa mfululizo, hasa Jumatatu asubuhi kabla ya mkutano wa wiki, wakilalamikia kichwa, kiungulia na kukosa usingizi. Niliwapa vidonge na kuwarudisha kazini, mpaka siku mzee mmoja alipovikataa. Aliniambia, “Mwanangu, kazi hii nimeifanya tangu ujana na haijawahi kuniumiza kichwa. Kinachoniumiza ni kufokewa mbele ya vijana niliowafundisha mimi.”

Nilirudi kwenye rejista na kupitia kurasa za miezi iliyotangulia. Idara yake na idara ya jirani zilikuwa na kazi ile ile, saa zile zile na vumbi lile lile. Tofauti niliyoweza kuiona ilikuwa ni msimamizi. Hapo nikaanza kutafuta kama kuna watu waliolichunguza jambo hili kwa utaratibu, na baadaye likawa mada ya masomo yangu ya uzamili.

Wapo, tena wa miaka mingi. Mwaka 1967 ulianza utafiti wa watumishi wa serikali wanaume wapatao 18,000 jijini London, ambao daktari na mtafiti Michael Marmot ndiye aliyekuja kujulikana zaidi kwa kuuchambua. Ulionyesha kwamba kadiri cheo kilivyoshuka ndivyo vifo vya ugonjwa wa moyo vilivyoongezeka, na kwamba sigara, presha na lehemu (mafuta ya kolesteroli katika damu) vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Utafiti wa pili ulianza mwaka 1985 ukiwa na watumishi 10,308, safari hii wanawake wakiwemo. Kutoka katika kundi hilo, mwaka 2005 mtafiti Mika Kivimäki na wenzake walichapisha matokeo ya wanaume 6,442: wale waliosema kwamba wanatendewa haki kazini walikuwa na hatari ya ugonjwa wa moyo iliyo pungufu kwa takriban theluthi moja, hata baada ya umri na ngazi ya kazi kuzingatiwa.

Kilichonishangaza zaidi ni jinsi haki hiyo ilivyopimwa, kwa sababu maswali yenyewe karibu yote yanahusu maneno. Nayaeleza kwa Kiswahili changu. Je, huwa unalaumiwa pasipo haki? Je, mkuu wako anakupa taarifa za kutosha? Je, taarifa hizo zinaoana, au leo hivi na kesho vile? Je, yuko tayari kusikiliza matatizo yako? Je, huwa unasifiwa kwa kazi yako? Hakuna swali hata moja kuhusu mshahara au uzito wa kazi. Ni kweli kwamba utafiti wa namna hii unaonyesha uhusiano na hauthibitishi peke yake kwamba jambo moja limesababisha lingine, na mtu mwenye presha anapaswa kuendelea kupunguza chumvi na kumeza dawa zake kama alivyoelekezwa. Hata hivyo, nilianza kuyauliza maswali hayo matano kila nilipomfunga mtu mkanda wa mashine ya presha, na majibu yakanifundisha mengi ambayo rejista haikuwa na safu ya kuyaandika.

Kama wewe ni msimamizi, nakusihi ujiulize maswali hayo ukiwa umevaa viatu vya walio chini yako. Swali la tatu ndilo wengi hulidharau. Nimewaona watu waliotangaziwa mabadiliko ya zamu saa tatu usiku kupitia kundi la WhatsApp, kisha tangazo likafutwa saa tano, wakalala wakiishika simu na kuamka alfajiri bila kujua kama wapande daladala ya kwenda kazini au wabaki nyumbani. Tangazo na litolewe na mtu mmoja, mahali pamoja, kabla watu hawajaondoka. Na ukitaka kumkosoa mtu, mwite kando, mweleze kosa lenyewe na namna ya kulirekebisha. Kumfokea mzee wa watu mbele ya wadogo zake ni kumdhalilisha, na hakuirekebishi mashine.

Ninalo pia kosa langu mwenyewe ambalo bado linaniuma. Kulikuwa na idara iliyopitisha miezi kadhaa bila kuripoti jeraha hata moja, nami nikaisifu kikaoni iwe mfano kwa wengine. Wiki chache baadaye kijana wa idara hiyo aliletwa akiwa na kidole kilichooza, kwa kuwa alikificha kidonda ndani ya kitambaa akiogopa kuvunja ile rekodi. Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, alikutana na fumbo la aina hiyo alipochunguza wodi za hospitali katika utafiti aliouchapisha mwaka 1996: timu zilizoongozwa vizuri zilionekana kuwa na makosa mengi zaidi ya dawa. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba katika timu hizo watu hawakuogopa kuyasema makosa yao, ilhali kwingine yalifichwa. Tangu siku ya kijana yule, idara iliyo kimya ndiyo ninayoitembelea kwanza.

Kwa upande wa suluhisho, mfano ninaoupenda umepita hapa hapa nchini. Orodha ya ukaguzi wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, yaani mambo 19 ambayo timu huyahakiki kwa sauti kabla na baada ya upasuaji, ilijaribiwa katika hospitali za miji minane, Ifakara ukiwa mmojawapo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Miongoni mwa vipengele hivyo, kila aliyemo chumbani hujitambulisha kwa jina na kazi yake kabla ya kisu kugusa ngozi. Tuliiga wazo hilo kwenye makabidhiano ya zamu: kila mmoja alitaja jina, hali ya mashine yake na jambo moja linalomtia wasiwasi. Ilichukua dakika chache tu, na waliokuwa hawajawahi kufungua kinywa walianza kusema.

Kwa aliye chini, najua ugumu wake, maana sisi tumelelewa kumwamkia mkubwa na kutombishia. Lakini adabu haikuzuii kusema. Inakuelekeza namna ya kusema. Anza na salamu, taja ulichokiona, kisha ombi: “Shikamoo mzee. Mashine ya tatu inatoa moshi tangu asubuhi. Naomba tuizime kabla mtu hajaumia.” Usianze na lawama, wala usisubiri uulizwe.

Na ikiwa kichwa kinakugonga kila unapokaribia geti la kazini, nenda ukapimwe, kisha uwe na daftari dogo. Kando ya zile namba mbili za presha andika saa, usingizi ulioupata na kilichosemwa kazini siku hiyo. Baada ya mwezi mmoja mpelekee daktari daftari hilo pamoja na dawa unazotumia, na umwombe alisome lote.