Pikipiki inashtuka ukifungua mafuta kidogo: je, dawa ni kubadilisha ramani ya kompyuta?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Pikipiki yangu ni ya silinda mbili, cc 700 hivi, ya nozeli, na mkono wa mafuta unavuta kebo ya kawaida. Nikiwa gia ya pili au ya tatu, injini ikiwa kati ya mizunguko 2,500 na 4,000, nikifunga mafuta kuingia kona kisha nikafungua kidogo, inashtuka na kunirusha mbele. Kwenye foleni inachezacheza kama mtu mwenye kwikwi. Ekzosi nimebadili kipande cha mwisho tu. Mizunguko ikipanda haina neno, inavuta vizuri. Naambiwa kubadilisha ramani ya kompyuta kutamaliza tatizo. Ni kweli? Pia kuna kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye sensa ya joto la hewa, wanasema kinafanya kazi ileile. Kinafaa?

JIBU: Ramani, yaani jedwali la namba lenye visanduku linaloiambia kompyuta itoe mafuta kiasi gani, inaweza kuondoa sehemu kubwa ya mshtuko huo, ila si yote, na si kwa ramani yoyote utakayopewa. Ramani nyingi zinazouzwa zimetengenezwa kuongeza nguvu mkono wa mafuta ukiwa umefunguliwa wote, mahali ambapo wewe mwenyewe umesema hakuna shida. Ugonjwa wako unakaa kwenye asilimia 10 ya kwanza ya mkono wa mafuta. Hapo ndipo kazi yote iwe.

Kabla hujagusa kompyuta, ondoa ulegevu wa mitambo, kwa sababu ramani haiwezi kuurekebisha. Mshtuko unaousikia ni nguvu ndogo ya injini iliyopata nafasi ya kukimbia kabla ya kugonga tairi. Cheni ikilegea, nafasi hiyo inakua. Pima ulegevu wake ukizungusha gurudumu na kupima sehemu nne au tano, kwa kuwa cheni iliyochoka hukaza upande mmoja na kulegea mwingine. Fuata kipimo cha kitabu cha pikipiki yako: nyingi za barabarani hutaka milimita 25 hadi 35, lakini zipo zinazotaka zaidi ya 50, na ukizikaza kama zile nyingine utaua beringi. Kisha weka gia na utikise gurudumu la nyuma mbele na nyuma kwa mkono. Sproketi ikicheza peke yake kabla ya gurudumu kufuata, raba za ndani ya habu zimekwisha. Mwisho shika mkono wa mafuta: ukizunguka zaidi ya milimita 5 kabla ya kebo kuvuta, kaza kwenye nati ya kurekebishia.

Baada ya hapo, upande wa hewa. Silinda mbili zisipovuta hewa sawasawa, injini hutikisika mafuta yakiwa kidogo hata ramani iwe nzuri kiasi gani. Funga geji za vakyumu kwenye throtobodi zote mbili (milango ya hewa inayofunguliwa na mkono wa mafuta), injini ikiwa moto, na usawazishe hadi tofauti iwe chini ya mmHg 10. Angalia tapeti, plagi na ea klina. Chunguza raba zinazounga throtobodi na injini, maana hewa inayopenya hapo haipiti kwenye hesabu ya kompyuta. Na kwa kuwa umegusa ekzosi, kagua gasketi za maungio. Uvujaji mdogo karibu na sensa ya oksijeni huingiza hewa ya nje, sensa inadhani injini inakosa mafuta, na kompyuta inamwaga mafuta yasiyohitajika.

Pikipiki nyingi zinazoletwa kwa ajili ya ramani hurudi barabarani zikiwa na nafuu kubwa baada ya hatua hizi tu. Kama yako bado inashtuka, sasa tuzungumze kompyuta.

Sababu ya kwanza ni mchanganyiko mkavu, yaani hewa nyingi na mafuta haba. Ukiendesha polepole kwa mkono uliotulia, kompyuta inafuata sensa ya oksijeni na kulenga uwiano wa 14.7 kwa 1, ambao wapimaji huuita lambda 1.00 (juu ya hapo ni mkavu, chini yake mafuta ni mengi). Uwiano huo unahitajika ili masega ya ekzosi (katalisti) yasafishe moshi, lakini kwa injini ya silinda kubwa inayozunguka taratibu unaifanya iwake kwa kusitasita. Tena sensa ya kiwandani haijui kipimo, inajua tu kama umepita juu au chini ya mstari. Kompyuta inaongeza, inapunguza, inaongeza tena, na hiyo ndiyo sehemu ya kwikwi yako.

Sababu ya pili ndiyo inayokurusha kwenye kona. Ukifunga mafuta kabisa mizunguko ikiwa juu ya kiwango fulani, kompyuta inazima nozeli, haitoi hata tone. Kuta za njia ya hewa zinakauka. Ukifungua kidogo, mafuta ya kwanza yanaishia kulowesha kuta hizo, silinda inapata mabaki, kisha ghafla kila kitu kinafika kwa pamoja. Nguvu inapanda ngazi nzima badala ya kupanda mteremko.

Ndiyo maana nasema chagua njia ya kuingia ndani ya kompyuta yenyewe, kuiflashi, badala ya boksi la nyongeza linalokaa kati ya kompyuta na nozeli. Boksi la kawaida linarefusha au kufupisha amri ya nozeli iliyokwisha kutolewa. Kompyuta ikiwa imekata mafuta, hakuna amri, na boksi halina cha kurefusha. Kwa kuongeza mafuta mahali pengine linafaa kabisa, lakini kwa tatizo hili utalipia nusu ya dawa.

Kuflashi kwenyewe ni dakika chache zenye hatari moja kubwa: umeme kukatika katikati. Betri iwe imejaa, isiwe chini ya volti 12.5 swichi ikiwa imewashwa, na ni bora zaidi ukiunga chaja inayoshikilia volti bila kuyumba. Toa fyuzi ya taa ya mbele. Kompyuta mpakato izuiwe isijizime. Linganisha namba ya kompyuta ya injini na namba ya faili herufi kwa herufi, na uhifadhi ramani ya kiwandani sehemu mbili kabla ya kuandika chochote. Baadhi ya vifaa haviwezi kuisoma ramani ya asili, vinaandika tu. Hapo hakikisha programu ina faili la kiwandani la namba yako kamili, vinginevyo hutakuwa na njia ya kurudi.

Kupima ni lazima, na sensa ya kiwandani haitoshi. Unahitaji sensa ya waidibandi, kwa mfano Bosch LSU 4.9, inayosoma lambda kwa namba. Inafungwa kwenye tundu la M18 × 1.5 kabla ya masega, ikielekea juu, kati ya saa nne na saa nane za mshale, yaani nusu ya juu ya bomba, ili maji ya mvuke yasiipasue. Soma lambda, usisome uwiano wa hewa na mafuta, kwa sababu petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli haina tena 14.7 bali karibu 14.1, na namba za uwiano zitakudanganya.

Zima ufuatiliaji wa sensa ya kiwandani kwenye programu. Usipozima, wewe unaongeza na kompyuta inapunguza, mnavutana kamba. Pasha injini hadi maji yafike nyuzi 80, kisha rekodi mizunguko, nafasi ya mkono wa mafuta, shinikizo la hewa kwenye njia ya kuingilia, gia na lambda. Endesha kwa mkono uliotulia, sekunde kadhaa kwa kila hali, kila mizunguko 250 kuanzia 2,000 hadi 5,000. Data ya wakati mkono unasogea itupe, haina maana kwa hatua hii.

Hesabu ni moja tu. Gawa lambda uliyopima kwa lambda unayotaka, kisha zidisha thamani ya kisanduku hicho cha ramani. Umepima 1.04 na unataka 0.96: 1.04 ÷ 0.96 ni 1.083, kwa hiyo ongeza asilimia 8. Mara ya kwanza weka nusu yake, pima tena, kisha malizia. Kwa mwendo wa taratibu mimi napenda 0.95 hadi 0.97, ukishuka chini ya 0.92 pikipiki inakuwa laini kidogo tu zaidi, huku plagi zinaanza kuwa nyeusi na mafuta yanaliwa bure. Mkono ukiwa wazi wote, 0.87 hadi 0.89 ni eneo salama kwa injini nyingi za hewa ya kawaida.

Kitu ambacho wengi wanakosea: kompyuta nyingi zina ramani mbili za mafuta, moja inayofuata shinikizo la hewa mkono ukiwa mdogo, nyingine inayofuata nafasi ya mkono ukiwa mkubwa. Ukirekebisha ile ya mkono mkubwa peke yake, shida yako haitaguswa hata ukibadili namba zote. Na visanduku jirani visiachane sana. Kompyuta inakisia thamani kati ya visanduku vinne, na ukiruka ghafla kutoka kimoja hadi kingine, dereva atausikia mruko huo mgongoni. Baada ya kila marekebisho angalia ramani kwa mchoro wa milima na ulainishe kilele chochote kilichosimama peke yake.

Safu ya asilimia 0, mkono ukiwa umefungwa, usiirekebishe kwa kufuata sensa. Pale cheche nyingi hazishiki, oksijeni isiyoungua inapita kwenye ekzosi, na waidibandi inaonyesha ukavu hata kama mafuta yamezidi. Ukiifuata utamwaga mafuta hadi plagi zilowe. Safu hiyo itengeneze kwa kuendeleza mteremko wa safu zilizo jirani nayo.

Kuhusu ule ukataji wa mafuta, usiuzime kote. Pandisha kiwango chake, kwa mfano kutoka mizunguko 2,500 hadi 5,000. Mwendo wa mjini utakuwa chini yake, nozeli hazitazimwa, na kufungua mafuta kutakuwa kama pikipiki ya kabureta. Utakachopoteza ni breki ya injini kidogo, na utasikia milio ya pa-pa kwenye ekzosi ukifunga mafuta. Ikiwa milio ni mikubwa, angalia tena gasketi za ekzosi, kisha punguza mafuta kidogo kwenye ile safu ya 0. Usiivumilie kwa sababu inasikika vizuri, maana mafuta yanayowaka ndani ya bomba yanayeyusha masega.

Taimingi ya cheche inasaidia pia, kwa kiasi. Kuchelewesha cheche digrii 2 hadi 4 kwenye visanduku vya asilimia 0 hadi 3 kunalainisha mguso wa kwanza, kwa kuwa injini inapokea hewa ileile lakini inasukuma kwa upole. Zaidi ya hapo ekzosi inapata moto na mwitikio unakuwa mzito. Kuwahisha cheche mkono ukiwa mkubwa ni jambo jingine kabisa: pikipiki nyingi hazina sensa ya kusikia injini ikigonga, na wewe ukiwa na helmeti hutaisikia. Usiguse huko bila daino, mashine ya kupimia nguvu ya injini.

Na ukienda kwenye daino, uliza kwanza kama ina breki ya kushikilia injini kwenye mizunguko unayotaka. Ile ya ngoma nzito isiyo na breki inapima tu mvuto wa mkono uliofunguliwa wote, na karatasi yake nzuri ya farasi haitakuambia lolote kuhusu asilimia 5 ya mkono wa mafuta kwenye mizunguko 3,000.

Ongezeko la mafuta la ghafla, lile linalotolewa mkono unaposogea haraka, liache mwisho. Ukianza nalo utaficha makosa ya ramani ya msingi. Likibaki pengo dogo ukifungua haraka, panda kwa asilimia 10 kila jaribio. Moshi mweusi au injini kuzubaa ni dalili kwamba umepita. Halafu pandisha sailensa, yaani mzunguko wa injini mkono ukiwa umefungwa, kwa mizunguko 100 hadi 150. Ni badiliko dogo, lakini kwa injini ya silinda mbili foleni inakuwa nyepesi mno.

Kile kifaa cha sensa ya joto la hewa ni rizista tu. Kinaidanganya kompyuta kwamba hewa ni baridi, kwa hiyo ina oksijeni nyingi, iongeze mafuta. Uongo wa nyuzi 20 unaleta kama asilimia 7, kila mahali, hata juu ambako huhitaji. Kule chini unakohitaji, sensa ya oksijeni inaona ziada hiyo na kompyuta inaiondoa. Ukataji wa mafuta hakiugusi kabisa. Kiache.

Ujue pia kwamba ramani iliyobadilishwa inaweza kuondoa dhamana ya kiwandani na kushindwa kipimo cha moshi, na kwamba sasisho la programu kwenye sevisi huandika juu ya kazi yako yote bila kukuuliza. Ukipeleka pikipiki sevisi, waambie mapema wasiiguse kompyuta, na faili lako likae nyumbani.