Ulizieni kwanza kinyama cha mama kiko wapi

Mleta mada, pole sana wewe na mama. Umeuliza kama ni kawaida mgonjwa wa saratani ya titi kukaa miezi miwili hospitali ya serikali bila kuanza matibabu, na kama muuze shamba mumpeleke India. Nakujibu kwa yaliyomkuta mama mdogo wangu, ambaye nilimuuguza mimi.

Uvimbe aliugusa akioga. Hauumi, akauacha. (Tafadhali, dada zangu, msingoje uume.) Zahanati walimpa antibayotiki mara tatu wakidhani ni jipu. Kufika hospitali ya mkoa na kutolewa kinyama (kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara), miezi mitano ilishakwenda. Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike mara ya kwanza.

Hicho kinyama nilikabidhiwa mkononi, kwenye kichupa, nikipeleke mwenyewe kwa basi maabara ya mkoa mwingine. Ilikuwa Ijumaa mchana. Maabara nikaikuta imefungwa, kisha Jumatatu ilikuwa sikukuu, nikakipeleka Jumanne. Baadaye sana ndipo nikaelezwa kwamba kinyama kikae kwenye fomalini, yaani dawa ya kukihifadhi, angalau saa 6 na kisizidi saa 72, la sivyo vipimo vingine vinaweza kutoa jibu lisilo sahihi. Hakuna aliyeniambia, na kichupa hakikuandikwa saa.

Jibu lilitoka wiki ya saba: saratani. Basi. Hakuna neno kuhusu vipokezi vya homoni wala HER2 (vitu kwenye seli za saratani vinavyopimwa ili kujua dawa ipi itafaa), na sisi hatukujua kama vipo vya kuulizia. Akakatwa titi, akapata dripu sita za dawa za saratani (kemo), moja kila baada ya siku 21, mbili kati yake zikichelewa kwa sababu dawa iliisha tukatafuta duka la nje. Mionzi tukaifuata Dar: kila siku Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki kadhaa, na chumba cha kulala tunalipa wenyewe. Wauguzi siwalaumu, nimewaona wawili wakihudumia wodi nzima usiku.

Karibu mwaka umepita, kliniki tukakutana na daktari kijana akauliza, "Mama, vipokezi vilisemaje?" Tukatazamana. Nikarudi kutafuta kipande cha titi lililokatwa, maana maabara huvihifadhi kwenye nta. Kikapatikana, kikapimwa, vipokezi vya homoni vipo. Akaanza tamoksifeni, dawa ya kuzuia homoni isiikuze saratani yenye vipokezi hivyo, kidonge kimoja kwa siku kwa miaka 5 au zaidi. Ni dawa ya bei nafuu kuliko karibu kila kitu tulichokuwa tumelipia, na aliikosa muda wote huo kwa sababu ya kipimo ambacho hakikuombwa. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo shamba liacheni kwanza. Hata huko India wataomba hicho hicho kipande cha kwenye nta na ripoti yake. Kesho asubuhi nenda maabara, si kwa daktari, uulize mambo haya: kinyama kimepokelewa lini, namba yake ni ipi, vipokezi na HER2 vimeombwa au bado, na bima ya mama inavilipia au mnalipa wenyewe. Kama havijaombwa, rudi kwa daktari siku hiyo hiyo akujazie fomu. Ukipata namba ya maabara, ipige picha, kwa sababu faili la mama mdogo lilipotea mara mbili na namba hiyo ndiyo iliyotuokoa.