Polisi waliofunika uso: jibu kwa aliyeuliza kama ni halali

Ndugu, umeuliza mambo mawili: kama polisi wa Kenya wanaruhusiwa kufunika uso wanapokamata watu, na kama wewe mwenyewe unaweza kushtakiwa kwa kuvaa barakoa kwenye maandamano. Nakujibu kama mtu ambaye tangu maandamano ya Mswada wa Fedha, Juni 2024, nimekuwa nikizunguka na familia za Nairobi zinazotafuta watu wao.

Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, Jedwali la Sita, inamtaka askari mwenye sare aweke jina au nambari yake ya utumishi mahali panapoonekana wazi, wakati wote. Mwanya ukabaki kwa wale wa nguo za kiraia, na ndio waliojaa barabarani: kofia imeshushwa hadi shingoni, macho tu nje, gari halina namba. Chama cha wanasheria, LSK, kikaenda kortini, na Agosti 2024 Jaji Bahati Mwamuye akaamuru kwa muda kwamba polisi wanaosimamia maandamano wasifiche utambulisho wao. Kwenye maandamano ya Saba Saba, Julai 7, 2025, kofia zilirudi, na IPOA, mamlaka huru inayochunguza mienendo ya polisi, ikalisema hadharani.

Ubaya wake nimeuona kaunta ya kituo. Kijana alibebwa mchana dukani kwake, majirani wakitazama. Mimi na mamake tukaenda kuripoti. Askari akafungua OB, kitabu cha matukio cha kituo, akashika kalamu. "Mama, aliyemchukua ni nani?" Alikuwa amefunika uso. "Gari namba gani?" Halikuwa na namba. Akafunga kitabu: "Basi huyo hayuko kwetu." Kituo cha pili, jibu ni lile lile. Ibara ya 49 ya Katiba inasema aliyekamatwa aelezwe sababu, azungumze na wakili, afikishwe kortini ndani ya saa 24. Sasa mama atamdai nani saa hizo, ikiwa hakuna anayekubali kwamba amemshika mwanawe? Ile kofia haimfichi askari tu, inafuta kukamatwa kwenyewe.

Ndiyo maana nawaambia watu wasikae kusubiri jina. Wakili anaweza kupeleka Mahakama Kuu ombi la habeas corpus, yaani la kutaka aliyeshikwa aletwe mbele ya mahakama, dhidi ya Inspekta Jenerali wa polisi, na haki hiyo, kwa Ibara ya 25, haiwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote. Mnakumbuka ndugu wawili na mwanaharakati waliochukuliwa Kitengela Agosti 2024. Katika kesi yao kaimu Inspekta Jenerali, Gilbert Masengeli, aliitwa tena na tena asifike, akahukumiwa miezi sita kwa kudharau mahakama. Wale watatu wakaachiliwa Septemba hiyo hiyo. Adhabu ilifutwa baadaye alipofika na kuomba radhi, lakini watu walikuwa wamerudi nyumbani. Kijana wetu naye aliachwa usiku kando ya barabara, hana shtaka hata moja.

Kuhusu barakoa yako: Afrika Kusini sheria yao ya mikusanyiko ya 1993 inakataza kuficha uso kwenye maandamano. Kwetu, Kanuni ya Adhabu inamlenga anayefunika uso kwa nia ya kutenda kosa kubwa, na nia hiyo lazima ithibitishwe. Kujikinga na moshi wa vitoa machozi si kosa. Mwaka 2020 serikali ilitutisha kwa faini ya hadi shilingi 20,000 kwa kutovaa barakoa! Raia asiye na bunduki wala pingu hawezi kupimwa sawa na mtu mwenye mamlaka ya kumfunga mwenzake, na sioni aibu kulisema hilo kwa sauti.

Ukishuhudia mtu akibebwa, rekodi ukiwa mbali kidogo. Angalia aina ya gari, rangi, mbonyeo, stika, taa iliyovunjika, viatu vyao, lugha wanayozungumza wao kwa wao. Andika saa na mahali, kisha mpe wakili video yenyewe kabla haijazunguka WhatsApp.