Mzigo na Furushi: Majibu kwa Wasomaji

Barua nyingi za safari hii zinafanana. Watu wanasali kila siku wapunguziwe mizigo, lakini msaada ukibisha hodi wanauambia, "Tuko salama." Tumechagua nne.

SWALI: Namuuguza mama mkwe wangu aliyepooza, mwaka wa tatu sasa. Hawezi hata kujigeuza. Wenzangu wa kikundi cha maombi huniuliza, "Tukusaidieje?" nami hujibu, "Niombeeni tu." Nimeshamwachia Mungu. Nikianza kuwagawia watu kazi, si ndiyo nimeacha kumtegemea? Mume wangu naye anasema kila mtu ana msalaba wake.

JIBU: Dada, tuanze na hesabu kabla ya Maandiko. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa takriban kila baada ya saa 2, ili ngozi ya visigino, nyonga na makalio isife kwa kukandamizwa ikawa vidonda. Hiyo ni mara 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Hujaongeza kumwogesha, kumlisha, kufua mashuka. Imani yako si haba. Kazi yenyewe si ya mtu mmoja.

Mume wako ana nusu ya neno. Katika Wagalatia sura ya 6, mstari wa 2 unasema "Mchukuliane mizigo", na wa 5 unasema kila mtu "atalichukua furushi lake mwenyewe". Waliotafsiri Biblia ya Union kwa Kiswahili waliweka maneno mawili kwa kuwa Kigiriki nacho kina mawili: *baros*, uzito unaomlemea mtu, na *phortion*, shehena ya kawaida ya mtu mmoja. Furushi halipokewi na mwingine. Mzigo usipopokewa, unaua.

Na hilo la kumwachia Mungu: "Umtwike Bwana mzigo wako," inasema Zaburi 55:22. Ukishamtwika mwenzako, kichwa chako kinabaki kitupu. Wewe, kwa unavyoeleza, umemtwika Bwana kisha ukaendelea kuushika kwa mikono miwili usije ukaanguka. Yesu mwenyewe alimwomba mwanamke Msamaria maji ya kunywa. Alihudumiwa kwa mali za kina Yoana na Susana (Luka 8:3). Usiku wa Gethsemane aliwataka wanafunzi 3 wakeshe naye. Hakuna anayesema alikuwa amepungukiwa na imani kwa Baba yake.

Sasa kazi. Chukua karatasi, uigawe katikati kwa mstari. Upande mmoja andika furushi lako: maamuzi ya matibabu, mazungumzo na mama mwenyewe, sala zako, uvumilivu wako. Upande wa pili andika kila kinachoweza kufanywa na mikono ya mtu mwingine: kufua, kuteka maji, kupika, kwenda kuchukua dawa, kukaa na mgonjwa ulale. Wengi hushangaa jinsi upande wa pili unavyojaa.

Chagua 3 tu za kuanzia. Kila moja iwe na siku, saa ya kuanza, saa ya kumaliza na tarehe ya mwisho. "Naomba ukae na mama Jumanne, saa 8 hadi saa 11 mchana, kwa wiki 6" ni ombi linalojibika. "Uwe unakuja kuja" halijibiki, na mtu hujitenga nalo polepole kwa sababu hajui amemaliza lini. Usimpe mtu mmoja zote 3, hata kama amejitolea kwa machozi. Atachoka mwezi wa pili, naye ataona aibu kusema. Wiki 6 zikiisha, ulizeni tena upya.

Kazi za faragha, kama kuogesha na kubadilisha nepi, muulize kwanza mgonjwa anamkubali nani. Kumgeuza usikueleze kwa maneno: msaidizi akutazame mara moja, kisha afanye yeye wewe ukimtazama. Saa za dawa zibandikwe ukutani. Halafu, na hapa ndipo wauguzaji wengi wanapoharibu, usirudie kukunja shuka alilokwisha kukunja. Akikuona unarekebisha nyuma yake, hatarudi, na wewe utasema watu hawasaidii.

"Niombeeni tu" ni jibu zuri kwa aliye mbali. Kwa aliyesimama mlangoni pako ni kumfungia kwa adabu. Petro alikataa hivyohivyo kuoshwa miguu, akidhani ni heshima.

SWALI: Ni kitabu gani cha Biblia kinachosema Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba?

JIBU: Hakuna. Wanaolisema huwa wanakumbuka 1 Wakorintho 10:13, ambapo Mungu "hatawaacha mjaribiwe kupita mwezavyo". Mistari inayouzunguka inazungumzia ibada ya sanamu, uzinzi na manung'uniko: ahadi ni ya kushinda jaribu, na ndani yake kuna "mlango wa kutokea". Kuhusu mizigo, Paulo huyohuyo anakiri katika 2 Wakorintho 1:8 kwamba walilemewa mno kuliko nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi. Mistari 3 mbele anawashirikisha Wakorintho wamsaidie kwa maombi. Msemo huo, tungependa usitumike misibani kabisa. Mfiwa anausikia hivi: kama umeshindwa, kosa ni lako.

SWALI: Mimi ni mzee wa kanisa. Biashara imekufa, nina madeni kwa watu 5, na nyumbani hawajui kiasi chake. Nimekuwa nikifunga na kutoa sadaka zaidi nikitarajia mlango ufunguke. Nikijitokeza, nitawaongozaje watu tena?

JIBU: Mzee wetu, kwanza acha kutoa sadaka kwa fedha ya mkopo. Fedha hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe si wewe.

Soma 2 Wafalme sura ya 4 kwa makini. Mjane anadaiwa, mwia amekuja kuwachukua wanawe 2. Elisha hakumwambia ajifungie na shida yake. Alimtuma kwanza kwa jirani zake wote akaazime vyombo vitupu, tena visiwe vichache. Kwa hiyo majirani walijua kuna jambo kabla mafuta hayajamiminika, na mafuta yalikoma vyombo vilipokwisha. Kisha agizo likawa la kawaida kabisa: uza, lipa deni, mle kinachobaki.

Vyombo vyako ni hivi. Andika ukurasa mmoja: nani anakudai, kiasi, tarehe ya kulipa, riba kama ipo, na umeshalipa ngapi. Chini yake andika kinachoingia kwa mwezi, utoe chakula, kodi ya nyumba na nauli. Kinachobaki ndicho unachoweza kuahidi. Wa kwanza kuuona ukurasa huo ni mkeo. Kabla ya mchungaji, kabla ya yeyote. Akiusikia kutoka kwa mdai utakuwa na matatizo mawili.

Kisha mtafute mtu 1 mwenye akili ya hesabu na mdomo mzito, aende nawe kwa wadai. Mdai akiona karatasi na shahidi, mara nyingi hukubali kulipwa kidogokidogo. Anachochukia zaidi ni simu isiyopokewa. Ahidi pungufu ya uwezo wako, kwa sababu ahadi ya pili ikivunjika hakuna wa kusikiliza ya tatu. Usikope kwa mtu wa sita ili kuwalipa watano. Ndugu wa kanisani akikupa kitu, muulize palepale ni zawadi au ni mkopo. Ukiwa mkopo, uandikwe na nyote mtie sahihi. Mikopo ya "tutaelewana" imevunja urafiki mwingi kuliko matusi.

Kuhusu uongozi: omba kupumzishwa kushika fedha za kanisa hadi mambo yatulie. Ukiomba mwenyewe, hakuna atakayekuvua. Mficha maradhi, kifo humfichua.

SWALI: Nilimweleza dada mmoja wa kikundi chetu siri ya ndoa yangu. Wiki iliyofuata ilitajwa kwenye kikundi kama "hoja ya maombi". Sasa nimeapa kumwambia Mungu peke yake.

JIBU: Tunakuelewa, na alichofanya ni umbeya hata kama kilifungwa kwa "Amina". Lakini angalia ile Zaburi ya 55 iliyotajwa hapo juu. Aliyeandika "umtwike Bwana" ndiye huyo ambaye, katika mstari wa 12 hadi wa 14, analia kwamba aliyemgeuka si adui bali rafiki waliyekwenda pamoja nyumbani mwa Mungu.

Mwendee mkiwa wawili tu (Mathayo 18:15), umwambie ulichosema, alichofanya na unachotaka: asirudie, na awaambie wale wengine hoja hiyo imefungwa. Usimpe maelezo mapya katika mazungumzo hayo.

Safari nyingine, jaribu mtu kwa jambo dogo kwanza, ungoje wiki 2 au 3 uone kama litarudi kupitia mlango mwingine. Sema sharti kabla ya siri: "Hili ni kwa ajili yako tu, hata kwenye maombi usilitaje." Anayekujia na siri za wengine, zako pia atakwenda nazo. Na kama katika ndoa hiyo kuna kupigwa, siri haikuhusu tena. Toka kwanza mahali pa hatari, wewe na watoto, umweleze mtu anayeweza kukulinda. Kikao cha upatanisho kinaweza kungoja.