Unahama Klabu Tena? Angalia Kwanza Unavyoondoka

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya soka la kulipwa nimekuwa mtu wa kufungasha. Mkopo, msimu mmoja, nusu msimu, narudi, naondoka tena. Wadogo zangu wanaocheza sasa hunipigia dirisha la usajili likikaribia, na wote wanauliza jambo moja: kaka, timu nitaipataje? Mimi huwauliza kwanza, hiyo uliyonayo unaitokaje?

Kuhama si aibu hata kidogo. Sebastián Abreu wa Uruguay alipita klabu zaidi ya 25, na ndiye aliyeifunga penalti ya mwisho iliyoitoa Ghana kwenye robo fainali ya Kombe la Dunia 2010. Nicolas Anelka naye alihama kila mara, lakini alibeba ubingwa wa England akiwa na Arsenal mwaka 1998, kisha akiwa na Chelsea mwaka 2010. Wanaokuita mpenda pesa waache waseme. Kinachommaliza mchezaji wa kuhamahama ni kuondoka vibaya: anadai, hana karatasi, na hakuna wa kumsemea anakokwenda.

Nianze na pesa, maana hapo ndipo nimeona wenzangu wakilia. Unapoachana na klabu kabla ya muda, unaletewa karatasi ya kuvunja mkataba kwa makubaliano. Mara nyingi inaletwa usiku wa mwisho wa usajili. Timu mpya inapiga simu, wakala hatulii, na kiongozi anakwambia saini tu mdogo wangu, za kwako tutakutumia. Nilimshuhudia mwenzangu akisaini juu ya boneti ya gari, akimulikwa na tochi za simu. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja: mchezaji hana madai yoyote kwa klabu. Alikuwa anadai mishahara, na bonasi za mechi tulizoshinda pamoja. Mstari ule ulifuta vyote. Kwa hiyo soma mpaka chini. Kama unadai, kiasi na tarehe ya kulipwa viandikwe humo humo kabla hujasaini. Wakikataa kuandika, ujue hawana nia ya kulipa.

Na mishahara ikikwama, usisuse mazoezi. Nasisitiza hili kwa sababu ukitoroka kambini, wewe ndiye unayegeuka mvunja mkataba. Kanuni za FIFA ziko wazi: klabu ikishindwa kukulipa mishahara ya angalau miezi 2 bila sababu ya haki, unaiandikia kudai, unaipa si chini ya siku 15, na isipolipa unakuwa na sababu halali ya kuvunja mkataba. Andika barua pepe, tunza nakala, kesho yake vaa jezi ya mazoezi uende uwanjani. Kama wewe ni mgeni kwenye nchi ya klabu hiyo, unaweza kulipeleka shauri FIFA ndani ya miaka 2, na mchezaji halipishwi gharama za kulisikiliza.

Hesabu pia mechi zako. Kwa kawaida msimu mmoja unaruhusiwa kusajiliwa na klabu 3, lakini mechi rasmi unaweza kuzichezea klabu 2 tu kati ya hizo. Dakika chache ulizoingizwa mwezi wa kwanza wa msimu zinahesabika, hata kama wewe umeshazisahau.

Mkataba wako ukibakiza miezi 6, una ruhusa ya kusaini na klabu nyingine. Na wakikwambia saini kwanza, vipimo baadaye, ukifeli mkataba hauna maana, wakumbushe kwamba uhalali wa mkataba hauwezi kuning'inizwa kwenye vipimo vya afya. Wapime kwanza.

Halafu kuna watu. Klabu inayokutaka haitazami video tu, inapiga simu. Inampigia kocha msaidizi, daktari wa timu, wakati mwingine nahodha. Kocha aliyenisugulisha benchi karibu msimu mzima ndiye baadaye aliyenipigia debe kwa klabu nyingine, kwa sababu nilikuwa nafika mazoezini mapema hata wiki ambazo jina langu halikuwa kikosini. Siku ya kuondoka, pita kwa mtunza vifaa, rudisha kila kitu, mshike mkono. Pita kwa daktari uombe nakala za picha na ripoti za majeraha yako yote. Daktari mpya akiona goti lako bila historia, atahofia mabaya zaidi.

Unakokwenda, uliza nani amekutaka. Kama ni kocha, zungumza naye mwenyewe, umuulize atakuchezesha namba gani na anayecheza hapo sasa ana mpango gani naye. Kama kocha hajui unakuja, mimi nisingekwenda, hata kwa pesa nzuri.

Jambo la mwisho wachezaji wengi hulipuuza. Ukiuzwa kwa ada kwenda nchi nyingine wakati mkataba bado unaendelea, asilimia 5 ya ada hiyo hugawiwa klabu zilizokulea kuanzia msimu wa miaka 12 hadi wa miaka 23. Mgao huo unategemea kumbukumbu za usajili wako. Ile timu ndogo iliyokununulia viatu vya kwanza isipokuwemo kwenye kumbukumbu hizo, inaweza kukosa haki yake. Wapigie, wahakikishe na shirikisho kwamba miaka yako pale imeandikwa sawasawa, na ufanye hivyo sasa, kabla dirisha halijafunguliwa.