Viraka vyako kutojibiwa: siyo Kiingereza, mkuu

Mkuu, umesema umetuma viraka vitatu, yaani mabadiliko ya msimbo (maandishi ya programu) unayopendekeza yaingizwe, kwenye mradi mmoja wa programu huria, miezi miwili imepita hakuna aliyekujibu, na sasa unajiuliza kama kinachokuangusha ni Kiingereza chako. Nimekaa pande zote mbili za jambo hili. Nimetuma viraka vikalala, na kwa miaka sita sasa nasimamia maktaba ndogo (msimbo ambao programu nyingine huutumia) ya kusoma faili za CSV, yaani majedwali yaliyohifadhiwa kama maandishi matupu, kwa hiyo na mimi nimewaweka watu wakisubiri. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu watu wengi hukata tamaa hapo ulipo.

Kiingereza kwanza, maana ndicho kinachokuumiza. Ripoti bora kuliko zote nilizowahi kupokea ilikuwa na sentensi mbili tu, sarufi imevunjika kabisa. Wiki tatu kabla yake mtu mwingine, mwenye Kiingereza kilichonyooka, alikuwa ameniandikia aya nne akilalamika kwamba maktaba yangu inapoteza safu ya kwanza na imemharibia siku nzima. Nikajaribu faili zangu zote, safu ya kwanza ipo. Nikamwomba mfano, hakurudi. Ndipo akaja huyu wa pili: ameambatanisha faili ya mistari mitatu, ameweka amri aliyoiendesha, alichotarajia na alichokipata. Nikaifungua ile faili kwa programu inayoonyesha baiti moja moja. Mwanzoni kabisa, kabla ya herufi ya kwanza, zimekaa baiti tatu: EF BB BF. Ni alama ambayo baadhi ya programu za lahajedwali huiweka mwanzoni mwa faili ya UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi kama baiti. Kwenye skrini haionekani, lakini maktaba yangu ilikuwa inaimeza kama sehemu ya jina la safu, hivyo kila aliyeitafuta safu ya "id" aliambiwa haipo. Dakika 20 nikawa nimemaliza. Aya nne za yule wa kwanza hazikunifikisha popote, na hakuwa mwongo, alikuwa na tatizo hilo hilo.

Sasa ukubwa. Umetaja kwamba kiraka chako cha pili kina mistari 900, na kwamba "ulipanga msimbo upya kidogo" ukiwa humo humo. Hapo ndipo ninapoona tatizo. Kiraka changu cha kwanza kilikuwa hivyo hivyo. Nilikuta hesabu inayokosea tarehe 29 Februari, nikairekebisha, halafu nikaendelea: nikasawazisha nafasi za mwanzo wa mistari, nikabadilisha majina ya vigeu ambayo sikuyapenda. Marekebisho yenyewe yalikuwa mistari sita, nilichotuma kilizidi 1,000. Mimi nilijua ile sita iko wapi. Aliyekipokea alitakiwa aitafute mwenyewe, usiku, baada ya kazi inayomlipa mshahara, huku akikagua kila mstari kama sijaharibu kitu. Kilikaa miezi minne. Nikakiondoa, nikatuma ile sita peke yake pamoja na jaribio moja linalofeli mistari hiyo isipokuwepo na kupita ikiwepo. Kesho yake kikakubaliwa.

Na usimwone anayechelewa kuwa ana maringo. Kumbuka yaliyoukuta mradi wa xz, maktaba ya kubana data iliyomo kwenye mifumo mingi ya Linux. Mchangiaji mmoja alijijengea uaminifu kwa zaidi ya miaka miwili, huku akaunti nyingine zikimshinikiza msimamizi aliyechoka aongeze watu na aharakishe, na mwisho wake mlango wa siri ukaingizwa kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Mhandisi wa programu Andres Freund aliugundua Machi 2024 kwa sababu kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kupitia mtandao, kulikuwa kunachelewa kwa karibu nusu sekunde, akafuatilia. Barua aliyoiweka hadharani tarehe 29 mwezi huo mimi huwa nawapa vijana waisome: muda wa kabla na wa baada ameupima, ameonyesha msimbo mbaya unaingiaje, na akasema wazi kwamba yapo mengi hajayachambua. Watu wa usalama duniani kote walianza kazi siku hiyo hiyo kwa sababu alichokijua na asichokijua vilikuwa vimetenganishwa. Baada ya tukio lile, mgeni anayeleta mistari 900 atakaguliwa polepole, na mimi naona ni haki.

Kitu ninachokisisitiza kuliko vyote ni ujumbe unaoandikwa pamoja na badiliko. Umesema vyako vyote vina neno moja tu, "marekebisho". Kazini niliwahi kukuta mstari unaoiambia programu isubiri sekunde 2 kabla ya kufungua faili. Nikaangalia kwenye Git, chombo kinachotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, ni nani aliyeuandika. Jina ni langu, miaka mitatu nyuma, na maelezo ni neno hilo hilo. Sikukumbuka chochote. Nikaufuta, majaribio yote yakapita, tukaupeleka kwenye seva. Siku ya tatu, usiku wa kufunga hesabu za mwezi, ripoti zikaanza kutoka nusunusu: mfumo mwingine ulikuwa bado unaiandika faili wakati wetu umeshaanza kuisoma. Tulikesha. Tangu hapo badiliko la mstari mmoja naweza kuliandikia aya mbili: nini kilikuwa kinatokea, nilijaribu nini kikashindikana, kwa nini nimechagua njia hii. Mstari wa juu naubana chini ya herufi 50 kama ilivyo desturi ya Git, naruka mstari, halafu maelezo. Sababu haionekani ndani ya msimbo, na msimamizi anayekipitia kiraka chako hana pa kuitoa isipokuwa kwako.

Ningekuwa wewe ningeanza na kile cha tatu, cha hitilafu ya saa za kanda, kwa kuwa umesema ndicho kidogo. Ongeza jaribio, eleza mtu afanye nini ili aione hitilafu kwa macho yake, kitume peke yake. Cha pili kigawe. Ule upangaji upya uulizie kwanza kama wanauhitaji. Wiki mbili zikipita kimya, kumbusha mara moja, kwa adabu, ukiuliza kama kuna sehemu unayoweza kuipunguza ili kiwe rahisi kukipitia. Na kama Kiingereza bado kinakutia hofu, yaandike hapa maelezo yako kwa Kiswahili kabla hujatuma. Nitayasoma, na palipokosekana sababu nitakuonyesha.